Kutoa Upepo na Mkamwana Wangu

Miaka ile soko huria lilipofika Kyela, na wanunuzi binafsi wa kakao wakaanza kutufuata hadi mashambani, nilinunua gari la Kijapani lililokwisha kutumika. Kwa nje lilikuwa gari dogo la kawaida, lakini magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, lenyewe lilipeleka nguvu kwenye ya mbele. Kazi hiyo ilifanywa na oili iliyosukumwa na pampu ndogo ya umeme. Chupa ya oili hiyo ilifichwa ndani ya buti, nyuma ya zulia, na kifuniko chake kiliandikwa Kijapani.

Siku taa ya hitilafu ilipowaka kwa mara ya kwanza, nilikuta chupa imepungua. Fundi wa mjini akaniambia, "Hii siijui, mzee. Ipeleke Mbeya." Nikamcheka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilijua kuwa breki nazo hufanya kazi kwa oili. Basi nikajaza oili ya breki. Baadaye sana Mbeya walinieleza kwamba chupa ile ilitaka oili nyekundu kama ya usukani, na kwamba ya breki ilikuwa imezivimbisha raba za ndani hadi zikawa zinapitisha hewa.

Asubuhi ninayoikumbuka nilikuwa bado sijaelezwa. Ilikuwa masika. Mke wangu alikuwa Ikombe, amevuka ziwa kwa mtumbwi kufuata vyungu, na mwanangu alikuwa kazini mbali. Nyumbani tulibaki mimi na mkewe, mkamwana wangu, ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka kwetu. Sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Wakati huo nyumba nyingi za mjini zilikwisha kulegeza mwiko huo. Yangu haikulegeza, na aliyekataa ni mimi.

Binamu wa mkamwana akafika kwa baiskeli kutoka Busale, tope hadi magotini.

"Ugonile, tata," alinisalimu Kinyakyusa, akiniita baba, kisha akasema bila kuzunguka, "Mama yake dada amefariki usiku. Tunazika saa nane. Nakwenda Itungi kumwambia mjomba. Nikirudi nitampakia."

Jikoni kilio kilipanda, kikakatika ghafla, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga.

"Umpakie kwenye baiskeli," nikasema, "na gari hili hapa?"

"Tata, kile kilima chetu kwa tope hili?"

"Hili linavuta miguu yote minne, kijana. Tutakupita njiani tukupigie honi."

Taa ilikuwa imewaka tena tangu jana yake. Nilijua oili imeingiwa na hewa, na hewa ikiwamo pampu hunguruma bure. Ilibidi kutoa upepo, kazi ya watu wawili: mmoja chini ya gari afungue niplo, kile kiskrubu cha kutolea hewa, mwingine kwenye usukani awashe na kuzima swichi. Na wa pili alikuwa yeye. Nikamweka binamu kwenye kona ya jiko atusemee.

"Dada, mzee anasema ukae kwenye usukani. Akigonga mara moja, washa. Mara mbili, zima."

"Mwambie nimesikia."

"Tata, amesikia."

"Nami nimesikia," nikasema. "Haya, nenda Itungi."

Nikalala juu ya gunia chini ya gari. Niliona miguu yake tu ikikaribia na kuingia. Nikagonga bodi kwa spana, pampu ikaguna, nikafungua niplo, oili ikatoka na mapovu. Nikafunga, nikagonga mara mbili. Kimya. Nikagonga tena. Tuliendelea hivyo, na mapovu hayakupungua. Hata mara moja hakukosea kugeuza swichi.

Binamu alirudi akatukuta palepale.

"Tata, nimchukue basi?"

"Nenda, bado kidogo tu."

Nilimsikia akisita. Mkamwana hakutamka neno, angelitamkaje? Mnyororo wa baiskeli ukalia, ukapotelea barabarani.

Mapovu yangali yanatoka nilipoacha, saa nane ikikaribia. Nikajisemea huenda yaliyobaki ni machache. Yeye alikaa nyuma yangu, kanga usoni, nami nikaendesha nikiwa nimekigeuza kioo kisimwonyeshe. Tulipofika chini ya kilima cha Busale, magurudumu ya nyuma yalizunguka na kuchimba tope. Ya mbele yalitulia tu, kama hayahusiki. Nilikanyaga mafuta mpaka gari likaegemea ukingo.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akashuka, akavua ndala, akaanza kupanda. Nikazima injini. Huko juu walikuwa wanaimba wimbo wa kuteremshia jeneza. Kisha wimbo ukaisha, na upepo ukaleta mlio wa majembe. Naye alikuwa hajafika hata nusu ya kilima.

Nikajisahau. Nikatoa kichwa dirishani, nikapiga kelele, "Kimbia, mwanangu! Kimbia!"

Aliposikia sauti yangu alifanya kama mama yake alivyomfundisha. Alitoka njiani, akachuchumaa majanini, akanipa mgongo na kujifunika kichwa, angoje mkwe apite.

Nami nilikuwa nimekwama, sikuwa na jinsi ya kupita. Nilichoweza ni kunyamaza, nikarudisha kichwa ndani, nikainama chini ya usukani asinione, nikaomba tu ainuke.