Dorotea Atembea Mjini

Miaka ile Wazungu wa mabegi mgongoni walikuwa wameanza kuonekana Mwanza, na Dorotea aliwakuta kwenye kivuko cha Kamanga wakipiga picha mawe na ndege kana kwamba kwao havipo. Akawaza, ikiwa mtu anatoka Ulaya kuja kuushangaa mji wa wenzake, mimi niliyeishi humo nikiwa bibi harusi nina kosa gani? Basi alipofika Mkolani kwa binti yake Suzana na kulala usiku mmoja, asubuhi akatangaza kwamba anakwenda kutembea mjini.

"Peke yako, mama? Unakwenda kutafuta nini?"

"Kutazama tu. Tembea uone, hamkufundishwa shuleni?"

Suzana akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa chembamba. Alikuwa amekonda, na mtoto mgongoni ndiye aliyekuwa ananenepa. Dorotea aliyaona hayo, na hayo ndiyo yaliyomvusha ziwa. Alikuja kumchukua binti yake na mjukuu awarudishe nyumbani Sengerema. Habari za ng'ombe wa mahari wanaume wangezungumza baadaye.

Mkwewe, Yeremia, alikuwa karani wa ghala la pamba. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, ghala likakosa pamba na makarani wakapunguzwa. Tangu hapo Yeremia alitoka nyumbani kila alfajiri, shati limepigwa pasi na tai shingoni, akisema amepata ofisi. Ofisi ipi, hasemi. Fedha zilikuja kidogo kidogo. Majirani wakasema anaonekana Kirumba kila siku, na mwanamume haendi Kirumba kila siku bure. Lisemwalo lipo, alijisemea Dorotea, na akafunga safari.

Lakini moyo wake haukutulia, kwa sababu hakuweza kumuuliza mwenyewe. Dorotea ni Msukuma wa zamani. Kwake yeye mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Ndiyo maana kila akija Mkolani alilala kwa jirani, Bernadeta. Miaka yote ya ndoa ile Yeremia kwake alikuwa sauti nyuma ya ukuta: akikohoa, akimtania mkewe, akiimba wimbo wa kanisani na kukosea maneno. Sura yake hakuwahi kuitazama sawasawa.

Akashuka mjini penye mnara wa saa, akasimama kwanza apumue. Mji ulikuwa umeongezeka kelele. Zamani, alipokuja na marehemu mumewe Mayala, hapa ulisikia kengele za baiskeli. Sasa kila duka liliweka redio nje na kila redio ilishindana na jirani yake. Akapita Makoroboi, akainua macho kuzitazama nyumba za Wahindi, zile zenye roshani za mbao. Roshani zilikuwepo bado, rangi ndiyo imechoka. Akalitafuta duka ambalo Mayala alimnunulia viatu vyake vya kwanza. Siku ile Mayala alimwamuru atembee dukani huku na huku, na yeye, ambaye nyayo zake hazijawahi kufungwa, alitembea kama bata mpaka mwenye duka akaficha uso kwa kitambaa. Sasa duka lile liliuza televisheni. Nje palikuwa na rundo la mitumba, na wanawake wameinama wakichambua kama watu wanaopalilia. Dorotea akacheka peke yake, kisha akasikia kumkumbuka Mayala kukimwingia kifuani kama njaa.

Akaenda mpaka stesheni, akateremka bandarini. Jumapili zao zote ziliishia huku. Mayala alipenda kumwonyesha vitu kama vile yeye ndiye aliyevileta: hili ndilo gari moshi kutoka Tabora, ile ndiyo meli ya Bukoba, haya ndiyo maghala ninamofanya kazi. Alikuwa mchukuzi wa marobota ya pamba. Jioni alirudi na nyuzi nyeupe nyweleni, na Dorotea humwita mzee, na yeye hujibu kwa sauti ya kikongwe akidai uji. Maghala aliyaona leo yamefungwa makufuli, majani yameota milangoni. Akayaonea huruma, akajikuta anayaambia pole kwa sauti. Mlinzi akamtazama kwa wasiwasi, naye akaondoka upesi asije akadhaniwa ana wazimu.

Jua lilipokaza alikuwa amevuka mto Mirongo, anaingia Kirumba kutafuta chumba walichopanga yeye na Mayala walipooana. Asifikiri mtu kwamba alikwenda kupeleleza. Miguu ilikwenda ilikozoea. Chumba hakukiona, mahali pake palisimama nyumba ya tofali na vyuma madirishani. Akasikitika, akashuka mwaloni, ufukweni mitumbwi inakoshusha samaki, angalau anawe uso kwa maji ya ziwa aliyokuwa akichota ujanani.

Huko mwaloni palinuka mafuta na samaki. Viwanda vilikuwa vikichukua minofu ya sangara, na mifupa na vichwa, yaani mapanki, vilirudi kwa wenye nchi kukaangwa. Katikati ya moshi mtu mmoja alikuwa akiita wateja.

"Minofu imekwenda Ulaya, utamu umebaki hapa! Karibuni mapanki ya moto!"

Dorotea akaganda. Angeonyeshwa picha ya mkwewe angebabaika, lakini sauti ile asingeikosea hata usingizini. Akawahi kuona mikono yenye alama za kuungua, na shati jeupe limetundikwa kwenye msumari mbali na mafuta, tai juu yake. Papo hapo akageuka, akampa mgongo, akavuta khanga mpaka usoni.

Sauti ya muuzaji ikakatika. Mafuta tu yakaendelea kuchachatika.

Adabu ilimtaka aondoke. Hakuondoka.

"Muuza samaki," alisema, macho yake ziwani, "nifungie vichwa viwili. Nina binti ananyonyesha."

"Shi... shikamoo, mama. Nafunga."

"Marahaba. Binti yangu huyo halali. Ameambiwa mumewe ana mwanamke Kirumba."

Nyuma yake karatasi ya kufungia ikachakacha. "Hana mwanamke, mama. Ana kikaango. Anaona aibu tu. Mkewe aliolewa na karani."

Dorotea alimpenda mkwewe saa ile, upendo wa ghafla, wa kumliza.

"Mume wangu alibeba marobota bandarini pale. Nilikuwa namkanda mgongo kwa maji ya moto kila jioni, na sikupata kuona aibu hata siku moja. Ningepewa tena jioni moja tu ya zile, ningeshukuru. Mwambie mkeo leo. Mimi siwezi kumwambia, maana sijakuona."

Na kweli hakuwa amemwona. Maisha yake yote aliihesabu miiko ile kuwa mzigo wa wazee. Leo aliishukuru, kwa kuwa ilimwachia kijana uso wake.

Yeremia akaweka furushi juu ya jiwe, akarudi nyuma. Dorotea akarudi kinyumenyume, akapapasa, akalichukua, akaacha fedha. Alipoanza kupanda njia, sauti ikamfuata, ndogo, isiyo ya biashara.

"Mama, najua ulichokuja kufanya. Kesho unavuka nao?"

Dorotea alisimama, bila kugeuka.

"Kesho navuka peke yangu."