Redio ya Marehemu Mwanangu

Ulikuwa mwaka wa michembe. Mvua ilikatika mahindi yakiwa yanaanza kubeba, na sisi wa Chemchem, hapa Tabora, tuliokuwa tumeanza kuchagua chakula kama wageni wa hotelini, tukarudi kwenye viazi vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Asubuhi michembe na karanga, jioni michembe na karanga, mpaka nguo za watoto zikanuka karanga. Mwaka huo huo, watu wakitafuna michembe, mwanangu wa mwisho akanunua redio ya gari.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo. Niliona kwamba si redio ya kawaida. Kioo chake kilikuwa kipana kama ukurasa wa daftari, kimejaa maandishi ya Kijapani yaliyokaa kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Milango yote minne ya gari ikatiwa spika mpya, na chini ya kiti cha nyuma likalala sabufa kama mbuzi aliyefungwa miguu. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la kupeleka abiria Igunga na kurudi.

"Mayu," akaniambia, maana watoto wangu wote waliniita mama kwa Kinyamwezi, "hii haitaki flashi wala sahani. Nyimbo zinakaa ndani mwake. Maelfu."

"Zinakula nini humo ndani?"

"Umeme wa betri."

"Basi zinakula vizuri kuliko sisi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia paa la jiko langu linavuja na yeye analinunulia gari masikio. Akasema jiko atalitengeneza, na kweli alilitengeneza. Kisha akanieleza kwa fahari kwamba redio ile ina namba ya siri aliyoiweka mwenyewe. Mwizi akikata waya zake, inajifunga. Ukiiwasha tena inadai namba, na asiyeijua anabaki na kopo.

"Namba gani?"

"Mayu, siri ni siri."

Sikuuliza mara ya pili. Sina tabia hiyo.

Siku moja alinipeleka Igunga kumwona dada yangu. Tangu tunatoka Tabora alikuwa akipiga muziki, nami nimeshika mkoba wangu mapajani. Tulipoanza kuona majaruba ya mpunga akaniuliza, "Inasikikaje?"

"Inapiga kelele."

Nilisema uongo. Nilikuwa nimesikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza juu ya nyuzi, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuimba. Miaka yote nimesikiliza redio za mkulima, zile ndogo za betri, na sikujua kwamba mwimbaji anavuta pumzi. Sikumwambia. Nilidhani nikimsifu kwa ile redio ataninunulia upuuzi mwingine, na tena nilikuwa bado na hasira ya jiko, ingawa lilikuwa limeacha kuvuja.

Baadaye kidogo alinikuta uani napeta mtama naimba. Ni wimbo wa kwetu, wa wanawake waliobaki nyumbani wanaume wao walipokwenda Pwani na mizigo kichwani. Bibi yangu aliupata kwa bibi yake. Katikati yake mimi napasahau, na wenzangu waliobaki hai hawaujui kabisa. Mwanangu akatoa simu, akakaa juu ya kinu, akanirekodi. Nilipofika pale ninapopasahau nikanyamaza. "Halafu, mayu?" akauliza. Nikamwambia angoje. Akajaribu kuuendeleza yeye, kwa Kinyamwezi chake cha mtoto wa mjini, akakosea neno moja vibaya sana, neno ambalo siliandiki hapa, nami nikamtupia ungo. Yote hayo yaliingia kwenye simu: ungo, kicheko chake, na mimi nikimwita mjinga. Akayahamishia kwenye redio. Jioni ile akafungua milango yote ya gari na nikajisikia mwenyewe natoka pande nne.

"Zima," nikasema.

Akazima.

Alikufa kwa maradhi ya ini, wiki tatu tu kitandani. Simu yake ilipotea hospitali siku tulipokuwa tunamhamisha wodi, na siku ile hapakuwa na mtu wa kufikiria simu.

Sasa nieleze habari ya mtani. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Wazee wanasema ni tangu zamani zile za misafara, wapagazi wetu walipokuwa wakipita kwao wakiomba maji. Mtani akija msibani kwako ana ruhusa. Atawazuia wachimba kaburi, atamtukana marehemu, atanyakua kitu chake na hakirudishi mpaka umkomboe. Na hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani, umeharibu msiba.

Wetu ni jirani, mzee wa Kigogo, fundi baiskeli. Siku ya mazishi alikuja na koleo la kazini. Tulikuwa tumekaa, wanawake wamechoka kulia, akaenda kwenye gari, akang'ang'ana na ile redio mpaka akaing'oa na waya zake zikining'inia. Akajitwika kichwani kama mpagazi, mkono mmoja kiunoni, akaanza kutuzunguka.

"Hawa Wanyamwezi," akasema, "walipita kwetu na pembe za ndovu wakayanywa maji yote kisimani. Babu yangu alikufa na kiu. Leo nabeba mimi. Na huyu mvivu aliyelala ndani mwambieni ainuke anipokee mzigo."

"Mzigo umekushinda, Mgogo wewe, shingo yako ya mbuni," akamjibu shangazi wa marehemu.

"Jogoo. Bila jogoo naipeleka Dodoma kwa miguu."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, nikiwa nimekaa chini na khanga kichwani, siku ya kumzika mwanangu. Ilikuwa mara ya kwanza kupumua vizuri tangu asubuhi. Nikaagiza jogoo akamatwe, yule mwekundu, nikamkabidhi kwa mikono yangu, naye akanirudishia redio akiinama kama mbele ya mtemi. Tukaenda kuzika.

Msiba ulipokwisha, fundi umeme wa magari akairudisha mahali pake. Mjukuu wangu, binti wa marehemu, akakaa nami mbele, akaiwasha. Kioo kikawaka. Muziki haukutoka. Palikuwa na mstari mmoja wa zile njiti za kiberiti, na chini yake vijumba vinne vitupu.

"Bibi, inataka namba."

Tukajaribu mwaka aliozaliwa baba yake. Tukajaribu namba za gari. Akasema tujaribu mwaka wangu, nikamwambia mwaka wangu haujulikani, mimi nilizaliwa nzige walipokula mtama, nzige hawana namba. Akajaribu mwaka wake yeye mwenyewe, mtoto wa watu, na nilimwona anaomba iwe huo. Haikuwa huo. Kioo kikawa cheusi.

Redio haijui utani. Ilimwona Mgogo wetu ni mwizi, ikafanya kama ilivyoagizwa na mwenyewe.

Habari zikamfikia. Akaja siku ya tatu, akasimama langoni na kofia mkononi. "Shikamoo, mama," akasema.

Miaka thelathini mtu huyu ananiita kibibi cha kubeba chumvi, mke aliyeachwa na msafara. Leo ananiamkia. Hilo liliniuma kuliko vijumba vinne.

"Usiniamkie," nikamwambia. "Kanirudishie jogoo wangu."

"Nilishamla."

"Najua ulishamla. Wagogo mna njaa tangu zamani zile."

Akakaa chini kwenye kizingiti akalia kama mtoto. Sikuwa na haki ya kumkasirikia na sikumkasirikia. Nilimpa maji. Ila usiku na mchana nilikuwa na hasira, na haikuwa na mtu wa kumwendea.

Wimbo ninao kifuani, naweza kuuimba sasa hivi na pale ninapopasahau nikaparuka. Ninachokitaka ni ile "Halafu, mayu?" Hiyo siwezi kuiimba mimi.

Mkwe wangu mjane, ambaye hana kosa, akapata mtu wa kulichukua gari awe analiendesha njia ya Igunga, watoto wapate kula. Mtu huyo akataka redio ifanye kazi, abiria wa siku hizi hawapandi gari bubu. Kwa hiyo tukaenda kwa fundi redio pale mjini, mkwe wangu na mimi. Kijana mstaarabu, anajua kazi. Akaunganisha waya zake, akabonyeza hapa na pale, kioo kikawaka.

"Naweza kuifungua, mama. Lakini itaanza upya, kama ilivyotoka kiwandani. Vilivyomo vyote vitafutika."

"Na ukiiacha?"

"Ukiiacha vitakuwemo. Ila hakuna wa kuvisikia. Namba hiyo kaondoka nayo mwenyewe."

Mkwe wangu akatazama chini. Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kioo.

Nikamwambia mkwe wangu gari wachukue, walitie redio nyingine yoyote ile, hata ya mkulima. Nikamwambia fundi aing'oe hii anipe. Kisha nikamwambia, "Usiifute. Iache imejifunga na mwanangu ndani."

Fundi akashusha pumzi. Akasema taratibu, kama anayesema na mgonjwa, "Bibi yangu, hutasikia kitu humo. Hata ukae nayo miaka kumi, ni bati tu. Niruhusu niifute, angalau imfae mtu."

"Usiifute. Iache imejifunga na mwanangu ndani."