Mwalimu Aliyesema Kesho Usije

Taarifa ilinifikia asubuhi nikifungua robota la mitumba sokoni Temeke: mwalimu wa viungo wa klabu yetu ya mpira amefariki. Alasiri wanaume wakaenda kumzika, sisi wanawake tukabaki uani, na uani kwenyewe tulikuwa wachache. Msomaji wangu pengine humkumbuki, maana kazi yake iliisha filimbi ya kwanza ilipopulizwa. Aliwapasha wachezaji misuli moto, akakusanya kamba zake, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Magoli yalikuwa ya wengine.

Mimi nilimjua kwa sababu ya goti la mdogo wangu. Wazazi wetu walifariki mapema, nami kama mkubwa nikaacha shule kulea. Huyu mdogo tegemeo lake lilikuwa mpira, miaka ile vijana walipoanza kuitwa kucheza Uarabuni. Alipoumia, viongozi wa klabu walikuja kumwona mara moja, kisha kimya. Aliyeendelea kuja ni mwalimu. Kila wenzake walipomaliza mazoezi, wao wawili walibaki kutembea polepole kwenye mchanga wa uwanja wa shule. Wapita njia hawakukosa la kusema.

“Mwalimu, unamfundisha kutambaa?”

“Ndiyo, na wewe nimekuwekea nafasi. Kitambi hicho!”

Mdogo wangu alikuwa na haraka. “Mwalimu, goti poa kabisa. Jumapili mie nicheze.”

“Poa likiwa kitandani. Shuka ngazi zile bila kushika ukuta.”

Akashuka, akashika. “Haya,” alisema mwalimu, “kesho tena.”

Siku aliyoshuka bila kushika, nilikuwepo. Nilidhani mwalimu atamkumbatia. Alimrushia mpira tu. “Kesho usije kwangu. Nenda kwa wenzio.” Kisha akainama kuokota viroba vyake vya mchanga vya kufanyia mazoezi. Nikamwambia, “Mwalimu, huyu hatakusahau.” Akacheka. “Akinisahau ndiyo amepona, dada.”

Sisi tuliolea wadogo zetu tunaijua kazi ya namna hiyo: ukiifanya vizuri, nyumba inabaki tupu. Wangu wameondoka wote, na nilitaka waondoke. Mwalimu naye aliwaona wake wakiondoka mmoja mmoja. Milango ya biashara ilipofunguka, klabu ikapata mashine za vyuma za mazoezi kutoka nje, naye akaambiwa apumzike. Kiharusi kilimkuta chumbani peke yake.

Nikawa nikifunga biashara napita kwake, namshika mkono tunatembea hadi mwisho wa baraza. Jioni ya kwanza, nilipoaga, nilingoja aniambie maneno yake yale. Alinishika kwa mkono uliobaki na nguvu, akauliza, “Kesho utakuja?”

Nilikwenda, siku zote zilizobaki. Jana nilimpigia simu mdogo wangu huko Uarabuni kumpa taarifa. Alianza kuhesabu ni miaka mingapi hajampigia mwalimu.

Kama yupo mtu aliyekusimamisha ulipoanguka, usingoje taarifa kama yangu. Nenda kamgongee mlango. Atakwambia hakuwa anakungoja. Usimwamini.