Zamu Mbili za Maji

Iko siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yenu asisikie. Nilikuwa kijana, nimesimama ukingoni mwa mfongo kule kwetu Mwika, natazama maji yakiingia kwenye shamba la mdogo wangu Elirehema. Kila yalivyozidi kuingia, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba nimeibiwa.

Mfongo, kwa wewe uliyezaliwa mjini ukakuta maji bombani, ni mfereji waliouchimba babu zetu kuleta maji kutoka mtoni huko juu. Maji yale si ya mtu mmoja. Yanakwenda kwa zamu, na mwenye zamu husimama na jembe lake pale yanapoingilia shambani mpaka amalize, halafu anaziba kwa udongo na vigogo vya mgomba. Baba alitugawia hivi: Elirehema asubuhi, mimi mchana.

Elirehema alikuwa kitindamimba, na kwetu kitindamimba ndiye anayebaki na kihamba cha baba, yaani nyumba na migomba inayoizunguka. Mimi wa katikati sikuwa na changu. Baba akaniazima kipande cha chini, akasema, "Panda nyanya msimu huu. Nikiona umekitunza, ni chako. Kikikushinda, kinarudi kwa mdogo wako, nawe utatafuta mjini." Kwa hiyo nafasi yangu pale nyumbani ilikuwa imesimama juu ya miche ya nyanya.

Nyanya zangu hazikuwa mbaya. Ubaya wake ni kwamba zilikuwa zinatazamana na za Elirehema. Wachuuzi walifurika uani kwake tangu alfajiri. Kanisani wazee walimfurikia kwa pongezi, halafu wakageuka kuniuliza mimi kama kile kikohozi changu cha kifua kimepona. Nikaanza kupima zamu yake kwa kivuli cha mgomba. Kesho yake nikapima tena, maana kitu nikikihesabu mara moja sikiamini. Mara zote zamu zetu zilikuwa sawa. Hilo halikunifariji hata kidogo. Mwenye wivu hataki hesabu ikubali.

Nikamfuata. "Elirehema, maji ya asubuhi ni baridi, yanaingia ardhini. Ya mchana jua linayanywa kabla ya nyanya. Nipe na zamu yako ya kesho."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mapatano. Nilipanga nitake yote, tubishane, tuishie nusu. Yeye akaegemea jembe lake tu.

"Chukua, kaka."

"Zamu nzima?"

"Si umesema unaihitaji? Ila huko juu msituni mvua imeanza, usiyaache maji peke yake."

Niliudhika. Kwanza, amenipa bila kubishana, utamu wote wa kupata ukaisha pale pale. Pili, ananifundisha maji, mimi mkubwa wake.

Asubuhi nikafungulia maji kwa upana wote, nikavaa shati safi, nikaondoka. Ndiyo, niliondoka. Nilitaka kuwahi wanunuzi kabla yake, kwa hiyo nikashuka Moshi mpaka Njoro, kwa akina mama wauza mboga. Nikazisifia nyanya zangu kama ziko kwenye matenga tayari. Mmoja wao, Mama Neema, akanitazama juu mpaka chini.

"Nyanya zenyewe ziko wapi, baba, au leo unauza maneno?"

"Ziko shambani, zinakunywa maji," nikamjibu.

Zilikuwa zinakunywa kweli. Niliporudi jioni, mvua ya msituni ilikuwa imeujaza mfongo ukafurika, na maji yote yameingia pale nilipoacha wazi. Matuta yamebomoka, miche imesombwa, matunda mabichi yanaelea kama mipira ya watoto. Na katikati ya tope, limemfika magotini, alikuwepo Elirehema akichimba njia ya kuyatoa. Alikuwa ameshaokoa kona moja. Majirani ukingoni wanasema, "Kijana huyu ana moyo." Mwanangu, hata kwenye mafuriko yangu mwenyewe, sifa alizichukua yeye. Nilitaka kulia, nikashindwa kujua kama nazililia nyanya au hizo sifa.

Baba akaja. Akalitazama shamba, akalitazama shati langu.

"Zamu yako ilikuwa inakupungukia nini?"

Nikainama kuokota nyanya moja bichi.

"Nilikupa maji ya kutosha shamba lako. Wewe ukawa unayapima kwa shamba la mwenzako. Kipande kinarudi."

Elirehema akajifuta tope usoni. "Baba, mwachie."

"Nimwachie kwa lipi?"

"Mimi kulima najua, kuuza sijui. Wale wachuuzi wanaojaa kwangu hunipangia bei wao, mimi naitikia tu. Huyu angewapangia yeye. Tangu tukiwa wadogo namwonea wivu kwa huo mdomo wake."

Nilidhani wivu wa nyumba ile wote uko kwangu. Baba akatuangalia mmoja mmoja, akasema kipande nitabaki nacho, lakini mashamba yote mawili tutalima pamoja na sokoni nitasimama mimi. Nyumba yangu imejengwa pale pale, kwenye ile kona aliyoiokoa.

Sasa nyie, simu zenu zinafurika picha za wenzenu. Huyu kajenga, yule kasafiri, na wewe unakaa unapima kivuli cha mtu. Sitakudanganya kwamba wivu utakuisha. Juzi ng'ombe wa Elirehema kazaa jike, wangu kazaa dume, chai yangu ikapoa sijainywa. Ila nilikwenda kwake nikamwambia, tukacheka, yakaisha. Fanya hivyo. Ukiusikia unapanda, mwendee mtu mwenyewe wivu ungali mdogo, umwambie, nawe umwulize yeye anachokosa. Usiombe fungu la mwenzako kabla hujajua lako linakutosha kiasi gani. Na ulichopewa, simama nacho mpaka zamu yako iishe.

Mungu akupe cha kukutosha, mwanangu, na akupe macho ya kuona kwamba kimetosha. Akuzungushie ndugu wasioona haya kukuambia wanachokuonea wivu. Nenda salama.