Mikorosho ya Mlipa Kodi

Serikali ya Mwingereza ilipoleta mbegu za mikorosho Kiwangwa, iliwaita walipa kodi, na walipa kodi walikuwa wanaume. Bwana shamba alisimama mbele ya nyumba ya jumbe akamgawia kila mwenye risiti ya kodi. Mama alikuwa nyuma pamoja na wanawake wenzake, akarudi nyumbani mikono mitupu. Baba alirudi na kikapu. Alikitua jikoni, akamwambia mama apande, na kesho yake akaenda zake kwenye mashamba ya mkonge kuitafuta kodi ya mwaka mwingine.

Mama alipanda. Alichimba mashimo, akapalilia, akafukuza ngedere, na palipokufa mche akafukia mbegu nyingine, mdogo wangu akiwa mgongoni. Kwetu ardhi na mti ni vitu viwili. Utalima katika ardhi ya mtu kwa kumpa ubani wake, kijizawadi cha kukiri kwamba ardhi ni yake, lakini mti ulioupanda ni wako, na ukifa wanao watakuja kuuvuna. Jambo hilo hafundishwi mtu, kila mmoja analijua. Ndiyo maana baba alifanya kosa ambalo mgeni asingeliona kuwa kosa: aliuacha mkono wa mama ushike kila mbegu, wala hakutamka mbele ya shahidi yeyote kwamba anapandiwa. Na mama alijua anachokifanya kila alipofukia shimo. Nalisema hili bila haya, kwa sababu jasho lilikuwa lake.

Mikorosho ilipoanza kuzaa, baba alimpa mama talaka. Talaka aliikubali. Alipoambiwa aiache na mikorosho, alijifunga kanga kiunoni, akatushika mikono mimi na mdogo wangu, tukaenda Bagamoyo kwa liwali.

Liwali alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotuponza, maana hakuna aliyeweza kumkasirikia. Alimsikiliza mama mpaka mwisho. Alikubali kwamba mti ni wa aliyeupanda. Kisha akasema desturi hiyo ni ya mbegu za watu, na hizi zilikuwa mbegu za serikali, zilizotolewa kwa mlipa kodi. Akamuuliza mama kama ana risiti.

"Nipeni hiyo kodi niilipe, bwana liwali," mama akasema. "Sijawahi kuikataa."

Baraza zima lilicheka. Nilikichukia kicheko kile, na mpaka leo nakichukia. Serikali haikuwa imesema mwanamke anyang'anywe mali yake. Haikumtaja kabisa, na kule kutotajwa kulitosha. Mikorosho ikabaki kwa baba, pamoja na mabibo yake, na mke mpya akaja kuokota korosho chini ya miti ambayo hakuwahi kuitilia hata tone la maji.

Tulihamia Fukayosi kwa mjomba, kaka yake mama. Mama mdogo, dada yao, alimpa pole akamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Mama akajibu kwamba ni kweli, lakini mwenye kiu hurudi kisimani. Akampelekea mjomba ubani, akaomba pori lililokuwa nyuma ya nyumba. Mjomba alimpa kwa moyo mweupe, akataka na kumsaidia: apande yeye mjomba, ili miti ijulikane kwa jina la mlipa kodi na isije ikaleta kesi nyingine. Mama alimshukuru, akakataa.

Alikusanya korosho kwa majirani, akazichagua moja moja. Tukafyeka pori, tukachimba mashimo. Mvua ikaanza, na mama hakupanda. Majirani wote walikuwa mashambani, mama mdogo ananung'unika kwamba mvua haimngoji mtu, naye mama anazigeuzageuza mbegu zake kwenye ungo kama anayechagua mchele. Mimi nilianza kuogopa kwamba baraza lile limemharibu akili.

Kumbe alikuwa akimngoja bwana shamba. Serikali ilikuwa imeamuru kila nyumba ipande mihogo ya kukinga njaa, na bwana shamba alikuwa anapita kuikagua. Alipofika kwetu, yule yule aliyegawa mbegu Kiwangwa, mama alimwamkia vizuri, akamwomba asimame kidogo kabla ya kuiona mihogo. Mjomba naye akaitwa, na majirani wawili. Ndipo mama akatukabidhi ungo mimi na mdogo wangu, akatuambia tupande, yeye akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Mimi nilimaliza safu yangu upesi. Mdogo wangu alikuwa bado mdogo sana. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua, na shimo la mwisho likamshinda. Alianza kulia. Bwana shamba, mtu mwenye watoto wake, akainama amsaidie kufukia.

"Usiguse, bwana," mama akamwambia. "Ukifukia wewe, hapo utaota mti wa serikali."

Bwana shamba aliirudisha mikono yake. Tukasimama sote kwenye manyunyu, watu wazima watano na mimi, tukimtazama mtoto anasukuma udongo kwa viganja huku akilia, na hakuna aliyemsogelea. Mama aliikaza mikono yake nyuma ya mgongo. Hakusogea mpaka shimo likajaa.

"Umeona?" mama akamuuliza bwana shamba.

"Nimeona."

"Siku ukiulizwa, miti hii ni ya nani?"

Alitutazama mimi na mdogo wangu, tope mpaka viwikoni.

"Ya mabinti hawa," akasema.

"Haya, bwana. Sasa twende ukaione mihogo."