Mkata Tambi za Mishumaa Anayemwandalia Binti Yake Jukwaa

Saa kumi na moja jioni. Tendo la kwanza limekwisha, na Toussaint Lorieux anapanda jukwaani na mkasi wake. Umati uliosimama ukumbini umechoka. Tamthilia ni mpya, mtunzi hajulikani, na miluzi ya kuzomea imeshaanza. Anayefungua tendo la pili ni Mélanie, binti yake, na hajawahi kuigiza mbele ya watu.

Kazi ya Toussaint katika jumba hili la maigizo la Paris, enzi hizi za wafalme, ni kupunguza tambi za mishumaa kila tendo linapokwisha. Taa kubwa zinashushwa kwa kamba, naye anazipitia moja moja. Akikata kidogo, mshumaa unafuka moshi, akizidisha, unazimika. Na watu wa Paris wanamhukumu kama wanavyomhukumu mwigizaji.

"Nimepigiwa makofi kuliko waigizaji wengi wanaojipaka poda," anasema, wala haoni haya.

Kuzomewa nako anakujua. Majira ya baridi yaliyopita alizima mshumaa mmoja tu. Miluzi ilidumu mpaka malkia wa mchezo akafa jukwaani watu wakicheka, na tamthilia ile haikuchezwa tena. Leo ukumbi ukimchafukia yeye, hasira itamwangukia Mélanie.

Binti alipotaka kuigiza, nyumbani kulikuwa na kilio. Kanisa linawanyima waigizaji maziko, na shangazi yake hadi leo hamsalimii. Toussaint alikataa kumzuia. "Nilimwambia mama yake, mtoto wa nyoka ni nyoka. Kalelewa nyuma ya mapazia, ulitaka awe mtawa?"

Anaendelea kukata. Kijana mmoja wa kitajiri, kati ya wale wanaolipia viti palepale jukwaani, ananyoosha mguu kumzibia njia.

"Fanya haraka, mzee, tukalale."

Toussaint anauvuka mguu, anakata utambi wa mwisho, ndipo anamgeukia.

"Lala hapo hapo, bwana. Ila usikorome, mwanangu anaingia."

Ukumbi unaangua kicheko. Taa zinapanda juu, safi, bila uzi wa moshi, na makofi yanapigwa. Mélanie anaingia makofi yakiendelea. Anasubiri yatulie, anatamka maneno yake ya kwanza, na watu wanacheka pale hasa walipotakiwa kucheka.

Nyuma ya pazia la pembeni, baba yake analia waziwazi. Kutoka pale anaona mgongo wa binti yake tu. Miaka yote hii hajawahi kutazama mchezo kutoka mbele; kiingilio cha kusimama ukumbini ni sarafu kumi na tano za su, na yeye kwa jioni nzima hapati hizo.

Sasa anaziweka akiba, na mwenzake anayevuta kamba za taa amekubali kumshikia mkasi Jumapili moja.

"Nataka nimwone usoni," anasema. "Na huyo mwenzangu akituletea moshi, wa kwanza kupiga mluzi ni mimi."