Kahawa Iliyomwagwa Hamriya

Jumanne ya pili ya Januari, mjukuu wangu alinipeleka kwenye kijiji cha milimani, kaskazini mwa Thailand, walikohamia Wachina vizazi vilivyopita. Mandhari yake nakiri ni mazuri: mashamba ya chai yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, ukungu bondeni, na wanawake wa makabila ya milimani, vichwani wamevaa kofia za fedha, wakiuza matunda kando ya njia. Lakini sikukipenda, nami nitakueleza kwa nini.

Mwenye duka la chai, mwanamke wa rika langu, alituketisha, akatia maji ya moto kwenye majani, akajaza vikombe vyetu, kisha akavimwaga vyote mbele ya uso wangu. Nikasimama.

"Bibi, kaa! Maji ya kwanza ni ya kuoshea majani tu. Ndiyo heshima yao."

"Heshima ya kumwaga? Nshaiona. Twende zetu."

Niliiona Hamriya, mtaa wetu wa Maskati, nikiwa na umri wa miaka saba, mwaka wa pili tangu tutoke Unguja. Asubuhi ile nyumba yetu ilinukia buni. Mama aliikaanga, akaitwanga kwa kinu, nami nikiosha vikombe. Hakuwa na shoga hata mmoja mtaani. Mwezi wa Shaabani aliwaalika majirani, akitumai kwamba na yeye ataanza kuitwa majumbani mwao. Jirani wa mlango wa pili alionja, akakimimina kikombe juu ya mkeka.

"Mkaa huu, ewe Mzinjibari," alisema kwa Kiarabu. "Kahawa huijui, Kiarabu hukijui. Umekuja kufanya nini?"

Wenzake wakacheka, wakaondoka pamoja naye. Mama aliufuta mkeka. Mwaliko haukuja kamwe, wala yeye hakukaanga buni tena. Mgeni akija, alipewa maji.

Mimi nilisoma ukubwani, nikiwa na watoto, marehemu mume wangu akinisomea imla. Nikakijua Kiarabu kuwashinda binti zao wote. Nyumba ile imevunjwa, pamejengwa maduka, na wanawake wale wote wamekwisha kufa. Sijawasamehe.

Siku hizi mambo ya Kizanzibari yamekuwa fahari Maskati. Mjukuu wa jirani yule alinijia mwaka jana, mpole, akaniomba nimfundishe kahawa ya mama yangu. Nilimjibu kwamba siijui. Alidhani namnyima. Mama aliacha kuipika kabla sijafika umri wa kufundishwa, na hakuna aliyebaki wa kuniambia alikuwa akitia nini.